Shubiri Moja Kutoka Usoni

Kwa miaka 30 dunia yangu ilikuwa na urefu wa shubiri moja. Ndani ya shubiri hiyo niliona kila kitu: tundu la sindano namba 11, uzi uliochomoza kwenye pindo, vumbi la chaki juu ya kitambaa cheusi. Nje yake, bila miwani, watu walikuwa rangi zinazotembea. Siku mteja alipoikanyaga miwani yangu kibandani Kariokor, jioni nilisimama kungoja matatu namba 58 ya Buruburu, nikapanda gari kwa kukisia umbo na muziki wake, nikashtukia tunaingia Kayole. Kondakta alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nikalipa nauli mara ya pili.

Hesabu ya jambo hili niliijua baadaye sana. Namba ya miwani yangu ilikuwa kutoa 5.50 jicho la kulia na kutoa 5.00 la kushoto. Chukua sentimita 100, gawa kwa namba hiyo, utapata mahali ambapo jicho bila miwani linaishia kuona vizuri: sentimita 18 kwa la kulia, 20 kwa la kushoto. Shubiri yangu ni sentimita 20. Nimeipima kwa tepu.

Wanaovaa miwani wataniamini nikisema sikuwa natafuta urembo. Fundi huinama kutwa. Ukiinama, jasho linaiteremsha miwani hadi ncha ya pua. Ukiachia mvuke wa pasi, vioo vinaingia ukungu na wewe umeshika kola ya shati la bwana harusi. Julai baridi ikikaza hapa Nairobi, kuingia tu kwenye matatu iliyojaa kulinipofusha dakika nzima. Nilijaribu kontakti, zile lenzi za kuvaa juu ya jicho. Asubuhi zilinifaa. Ikifika saa nane mchana vumbi la nyuzi limeshanigeuza macho mekundu kama ya mvuta bangi, na mteja haulizi, anahukumu tu.

Basi binti mmoja niliyezoea kumshonea alikuja kujaribu gauni bila miwani yake ya siku zote. "Nilipigwa leza," akasema, kama anayesema alisuka nywele. Usiku ule sikulala vizuri.

Nilikokwenda kwanza sitapataja. Ni ofisi ya ghorofani katikati ya jiji, viti vyeupe, kijana wa suti mwenye maneno matamu. Macho mawili kwa bei ya ofa, na ukimleta ndugu mnapunguziwa nyote. Akaniweka kidevu kwenye mashine ambayo ndani yake unaona puto mwisho wa barabara, ikalia mara mbili, ikatema karatasi kama risiti ya supamaketi. "Unafaa kabisa, dada." Kontakti nilikuwa nimezivua nusu saa nyuma, chooni mwao. Hakuna aliyeniuliza. Nikatuma amana kwa M-Pesa, na pale kwenye nafasi ya ndugu nikaandika jina la mdogo wangu, kitinda mimba wetu, mwendesha boda ambaye naye miwani ilikuwa inamsumbua. Nilijiona dada mwema.

Kilichonirudisha nyuma ni simu ya Mama kutoka Kisauni, Mombasa. Nilimweleza habari nzima nikitarajia dua.

"Mwanangu," akasema, "kitambaa cha watu hupimi mara mbili kabla hujakata?"

"Hupima."

"Na jicho lako wamelipima mara ngapi?"

"Mara moja."

"Haya." Akakata simu. Mama ana namna yake ya kukata simu.

Daktari wa pili nilielekezwa na mwalimu mmoja ninayemshonea vitenge. Mama mtu mzima, huko Upper Hill, chumba chenye mashine nyingi na kiti kimoja. Siku ya kwanza hakunipima kitu. Aliuliza kontakti nilizivaa lini mara ya mwisho, nikasema jana, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili bila kuzigusa. Nilidhani ananizungusha ili aongeze bili. Kumbe lenzi, hata ile laini, hulibana umbo la konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kama kofia inavyoacha alama kwenye nywele. Ukipimwa kabla alama haijatoka, wanapima kofia.

Niliporudi nilikaa humo karibu asubuhi nzima. Aliniwekea kikaratasi kwenye kope la chini, dakika tano, kuona machozi yanalowesha hadi wapi. Jicho kavu kabla ya leza huwa kavu zaidi baadaye. Akazima taa akapima mboni zinavyotanuka gizani. Mashine nyingine ikachora konea zangu kwa rangi, kama ramani ya milima ya jiografia, kijani mabondeni na nyekundu vileleni. Mwisho akanitia matone ya kupanua mboni ili aione retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Usifanye kosa nililofanya mimi la kwenda peke yako siku hiyo. Nilitoka kwenye jua la saa sita macho wazi kama ya popo, nikavuka barabara nimeshika mkono wa mama muuza ndizi nisiyemjua.

Kabla ya hapo tulikuwa tumekaa tukazungumza. Swali lake la kwanza halikuwa la macho.

"Kazi yako ni gani?"

"Fundi wa nguo."

"Na umri?"

"Natimiza 40 mwezi wa tatu."

Akaweka kalamu chini. "Ukitunga uzi kwenye sindano, miwani unaivaa au unaivua?"

Nilinyamaza. Naivua. Kila fundi mwenye macho kama yangu huivua; ndiyo siri yetu. Wenzangu wa rika langu walikuwa wameanza kunyoosha mikono kama wanaosoma gazeti la jirani, mimi nikatunga uzi kwenye mwanga wa mshumaa.

"Basi nikikufanya uone mbali kama mwewe," akasema, "nitakuwa nimekunyang'anya hiyo."

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi ya kuzaliwa nayo ambayo hujikunja ili tuone karibu. Kuanzia miaka 40 hivi inakuwa ngumu, haijikunji tena ipasavyo, na ndiyo maana wazee wetu hutafuta miwani ya kusomea. Leza haiigusi lenzi hiyo. Inachonga konea tu. Kwa hiyo mtu wa miaka 22 na mtu wa miaka 40 wakifanyiwa kitu kilekile, na kikafanikiwa kilekile, mmoja anaondoka huru na mwingine anabadilisha miwani ya mbali kwa miwani ya karibu. Yule kijana wa suti hakuniambia hili, nami simlaumu sana kwa sababu sidhani kama alilijua.

Kisha akaniandikia hesabu kwenye karatasi, na hapo tukawa mafundi wawili.

Konea hupimwa kwa maikroni. 1,000 zikikusanyika ni milimita moja. Konea nyingi katikati huwa na unene wa karibu 540. Yangu ilikuwa 476. LASIK, ambayo ndiyo watu wengi humaanisha wakisema leza, huanza kwa kukata kifuniko chembamba juu ya konea, kama maikroni 110 hivi, kikafunuliwa pembeni kikiwa bado kimeshikilia upande mmoja. Leza inachonga chini yake, kisha kifuniko kinarudishwa. Kila namba moja ya miwani inayoondolewa hula takriban maikroni 14. Namba tano na nusu ni 77. Toa 110, toa 77, kutoka 476.

"Zinabaki 289," nikasema. Hesabu za kutoa ndizo kazi yangu.

"Na mpaka wa chini unaotajwa na wengi ni 250."

"Kwa hiyo nafaa."

"Kwenye karatasi unafaa. Lakini nitakuwa nimeigusa karibu asilimia 40 ya konea yako, na kile kifuniko hakitashika tena kama kilivyoshika mwanzo. Konea ikidhoofika, inaanza kuvimba kwenda mbele. Mimi hupenda kulala usingizi."

Nilimwelewa upesi kuliko alivyotegemea. Sketi yenye nusu sentimita ya nafasi ya mshono hushoneka, ndiyo. Mvaaji anatoka dukani anatabasamu. Siku akiinama kuokota mtoto, inaachia. Na kitambaa ukishakikata kifupi hakuna fundi duniani wa kukirefusha.

Nikauliza kuhusu SMILE, maana binti yule wa gauni ndiyo aliyofanyiwa. Hii haina kifuniko. Leza ya mapigo mafupi mno inachora ndani ya konea kipande chembamba chenye umbo la lenzi, kisha daktari anakivuta nje kupitia mkato mdogo wa milimita chache. Neva za juu ya konea hukatwa chache, kwa hiyo ukavu wa macho mara nyingi huwa nafuu. Ila nayo inakula unene, kwa konea nyembamba hesabu yake haikuwa nafuu, na baadaye ukitaka kurekebisha kidogo si rahisi kurudi kwa njia ileile. Ya tatu ilikuwa lenzi ya kupandikizwa ndani, nyuma ya ile sehemu yenye rangi na mbele ya lenzi ya asili. Konea haichongwi kabisa, na ikibidi inaweza kutolewa. Huwafaa sana wenye namba kubwa mno. Nilipoona bei nikarudisha karatasi polepole kama niliyeshika kitu cha moto.

Ikabaki PRK, ambayo ndiyo kongwe kuliko zote hizo za leza, na ambayo kwenye mabango hutaiona kwa sababu inauma. Hakuna kifuniko. Ngozi ya juu kabisa ya konea inapanguswa, leza inachonga juujuu, kisha ngozi inaota yenyewe kwa siku chache. Kwangu ingeacha konea imara zaidi. Daktari alisema hata mabondia na askari, watu wa kupigwa usoni, mara nyingi hushauriwa hii, maana hakuna kifuniko cha kuhama.

Kuhusu kutunga uzi, alipendekeza jicho la kulia liachwe lione mbali kabisa, la kushoto libakishiwe kutoa 1.25. Mbali litazame la kulia, karibu lisaidie la kushoto, ubongo upatane nao. Si kila ubongo unakubali. Hivyo vipimo vilipoisha akanipa kontakti za majaribio za namba hizo, niishi nazo kazini siku saba. Siku mbili za kwanza nilijisikia kama niliyevaa kiatu kimoja kirefu. Nilimwaga chai nje ya kikombe. Siku ya nne nikashona sare za shule 12 bila kukumbuka kitu. Nilimwambia sawa. Ila dereva wa masafa ya usiku asingenisikia nikimshauri hivyo.

Bima niliyokuwa nayo ilijibu kwamba huo ni urembo. Fedha zikatoka kwenye zamu yangu ya chama chetu cha kuchangiana na mkopo mdogo juu yake, jumla zikizidi mapato yangu ya miezi miwili. Ile amana ya kwanza niliambiwa hairudi, imo kwenye fomu. Kweli imo, kwa maandishi ya kimo cha siafu.

Siku yenyewe. Matone ya ganzi, kisha kishikizo cha waya cha kuzuia kope. Watu huogopa watapepesa, huwezi. Akaweka kipete juu ya jicho, akamimina kimiminika cha baridi, akahesabu sekunde 20, akakinyonya. Kisha akapangusa ngozi ile kama unavyoondoa utando juu ya maziwa yaliyopoa. Ulimwengu ukawa maji. "Tazama taa ya kijani. Hata ikipotea, tazama ilipokuwa." Mashine ikaanza kudata, tatatata, na harufu ikaja.

Harufu hiyo naijua. Fundi akitaka kujua kama kitambaa ni sufu halisi au nailoni, anachomoa uzi mmoja anauunguza kwa kiberiti. Nailoni inanuka plastiki, sufu inanuka nywele. Pale kitandani nilijikuta nawaza, aa, sufu halisi. Karibu nicheke, nikakumbuka nimeambiwa nisitikisike. Leza haikufika dakika kwa kila jicho. Akaloweka kipamba kwa dawa ya kuzuia kovu la ukungu, akakiweka kidogo, akaosha, akanifunika kila jicho kwa lenzi laini isiyo na namba, ya kuwa bandeji tu.

Saa nne za kwanza nilijigamba. Usiku wa pili nikalipia majigambo. Mchanga, kitunguu, pilipili, chagua. Machozi yalilowesha mto pande zote mbili. Mama alikuwa amepanda treni ya SGR kuja kuniangalia, na ndani ya kikapu chake, chini ya maembe, kulikuwa na chupa ya asali. Alitaka kunidondoshea. Kwa Mama asali hutibu kila kitu isipokuwa deni. Tuligombana kwa sauti ya chini, mimi nimefumba macho, nikimweleza kwamba jicho langu sasa hivi ni kidonda kisicho na ngozi na kitu cha kuogopwa kuliko maumivu ni vijidudu. Mwisho akaitia asali kwenye uji.

Mdogo wangu alikuja jioni kila siku akinisomea habari kutoka kwenye simu kwa kuwa mimi sikuweza kutazama mwanga. Alitafuta yaliyohusu leza. Akanisomea kwamba zamani, kabla ya leza, daktari Barraquer kule Bogotá alikuwa akikata kipande cha konea, anakigandisha, anakikereza kwa mashine kama fundi wa mbao, anakirudisha. Na kwamba mwaka 1981 wanasayansi wa kampuni ya kompyuta ya IBM kule Marekani, Srinivasan, Wynne na Blum, walijaribu leza ya eksima kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu, wakaona inakata nyama bila kuunguza pembeni, na huko ndiko njia ya kuchonga konea ilikofunguka. "Dada, wewe ni bata mzinga," akasema, akacheka, na nikamsikia akijisugua macho. Ule mlio wa unyevunyevu wa kiganja kikizunguka juu ya kope. Nilikuwa nimeusikia miaka yote. Vumbi la Jogoo Road, tukisema. Aleji.

Siku ya tano bandeji zilitolewa, na nikaona vibaya kuliko nilivyotarajia. Hapa ndipo watu wa PRK hulia wakidhani wameibiwa. Ngozi mpya huota kutoka pembeni ikikutana katikati, na pale inapokutana huacha mkunjo kama mshono usiopigwa pasi. Wiki ya tatu, nikiwa kituoni, nilisoma 58 kutoka upande wa pili wa barabara. Nilisoma pia jina la sacco, onyo la kutovuta sigara, na tangazo la mganga. Niliiacha gari ile ipite, nikasimama kusoma nyingine.

Mambo hayakuishia hapo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na jua la juu hivyo lina miale mikali. Baada ya PRK miale hiyo huweza kuchochea ukungu wa kovu, kwa hiyo miezi kadhaa nilivaa miwani ya jua hata sokoni, majirani wakiniita msanii. Matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, nilipunguza wiki kwa wiki, nikipimwa presha ya jicho, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuipandisha kimyakimya. Usiku taa za magari zilikuwa na shada la mwanga kila moja, limepungua, halijaisha. Chupa ya machozi ya bandia inakaa kando ya cherehani pamoja na bobini.

Jambo moja alilirudia daktari mpaka nikachoka. Jicho la mtu wa namba kubwa ya kutoa ni refu kuliko kawaida, na retina yake imevutwa kama kitambaa kilichonyooshwa kupita kiasi kwenye fremu. Leza haifupishi jicho. Ukiona cheche za ghafla, vidoa vingi vinavyoelea, au pazia jeusi pembeni, nenda siku hiyohiyo, hata kama unasoma mstari wa mwisho wa ubao.

Na shubiri yangu? Imekwenda. Kijana wangu alichomwa na kibanzi kidoleni, nikakisogeza kidole karibu na uso kama zamani, kikawa ukungu. Nilikisogeza mbali. Nilihisi kitu ambacho sikukitegemea, kama mtu aliyehama nyumba ndogo aliyoizoea.

Kwenye wiki ya sita mdogo wangu alipigiwa simu. Ofa inaisha Ijumaa, jina lake liko, dada yake ameshalipa amana. Alinijia kibandani na furaha. Alikuwa amebadilisha miwani mara tatu kwa miaka miwili, na kila mpya ilimfaa miezi michache tu. Zamani ningesema macho yake yanaharibika haraka. Sasa, sijui, nilikumbuka ile ramani ya rangi na ule mlio wa kiganja. Nikamwambia Alhamisi tunakwenda Upper Hill kwanza.

Nilikaa nyuma yake skrini ilipowaka. Ramani zangu zilikuwa kijani tupu zenye upinde wa njano. Zake zilikuwa na kilima chekundu, chini kidogo ya katikati, jicho la kulia kikubwa, la kushoto ndiyo kwanza kinachomoza. Daktari hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, "Anasugua macho?"

"Tangu mtoto," nikajibu kabla yake.

Keratokonasi. Konea inakonda na kuchongoka kwenda mbele kama pia ya kuchezea watoto. Kwa kawaida huanza ujanani, na kusugua macho kwa ajili ya aleji huikuza. Konea ya namna hiyo ukiipunguzia unene kwa LASIK, unaharakisha kile ambacho imekwishaanza kukifanya. Mdogo wangu aliuliza mara mbili kama basi ifanyike kidogo tu. Hapana, hata kidogo.

Alifanyiwa kitu kingine: matone ya vitamini B2 juu ya konea, kisha mwanga wa urujuanimno, nusu saa kila jicho, ili nyuzi za konea zishikane na kilima kisiendelee. Hakikirudishi nyuma. Kinakizuia pale kilipo. Kuona vizuri anaona kwa lenzi ngumu, ambazo huvaa asubuhi kwa subira niliyodhani hana.

Nilirudi kule ghorofani Ijumaa ile. Sikwenda kudai amana. Nilimwomba yule kijana wa suti anitolee fomu, nikachukua kalamu yake, nikafuta jina la ndugu yangu mpaka karatasi ikatoboka. Alinitazama kama mwenda wazimu. Nilimwambia awe na siku njema.

Siku hizi mdogo wangu hupitia kibandani saa sita, anaegesha boda kivulini, tunakula chapati na maharagwe. Amenunua miwani ya kukinga vumbi. Jana alikuwa akinieleza habari ya abiria aliyekataa kuvaa helmeti, hadithi imemkolea, na nikaona kiganja kinapanda taratibu kuelekea jicho la kulia.

"Mkono," nikasema.

Akaushusha, akaendelea na hadithi.